Makoye na Gari Lililonunuliwa kwa Ng'ombe

Miaka ile bei ya pamba ilipopanda na watu wa Didia wakaanza kuezeka nyumba zao kwa mabati, hakuna ng'ombe wa mahari aliyevuka mlango wa zizi kabla Makoye hajamtazama. Makoye hakuwa mtemi wala mwanangwa, mkuu wa kijiji, na ng'ombe wake mwenyewe walikuwa wachache tena wamekonda. Lakini alikuwa na jicho. Alisimama mbali, mikono nyuma, ndani ya koti la jeshi alilopewa na mpwa wake aliyerudi kutoka Burma. Koti hilo hakulivua hata jua la Septemba lilipopasua ardhi. Alinusa ugoro, akapiga chafya mara moja, kisha akasema, "Yule mwenye baka mgongoni alitupa mimba mwaka jana." Mwenye ng'ombe akainamisha kichwa, na ng'ombe akaondolewa kundini.

Hila zote alizijua. Kuna waliowalambisha ng'ombe chumvi usiku kucha ili asubuhi wanywe maji wavimbe kama wamenenepa. Kuna waliopaka kovu masizi yaliyochanganywa na samli. Makoye alizijua kwa sababu, alivyosema mwenyewe bila haya, ujanani alizifanya zote.

Kazi yake ilikuwa na sheria, na sheria hizo zilijulikana na kila mtu. Mtoa mahari halazimiki kutaja ila ya ng'ombe wake; mkaguzi ndiye wa kuitafuta. Lakini akiulizwa, lazima aseme kweli, na akidanganya posa imekufa palepale. Mkaguzi naye amefungwa. Ng'ombe akishavuka mlango wa zizi, kinywa cha mkaguzi kimefungwa. Ila ambayo hakuiona nje, ndani hana ruhusa ya kuiona.

Makoye alikuwa na udhaifu mmoja tu, nao ni kwamba neno "sijui" halikuwahi kutoka mdomoni mwake. Siku ndege ya kwanza ilipopita juu ya mashamba ya Didia, wanawake wakakimbilia ndani na wanaume wakamtazama Makoye. Aliifuata kwa macho mpaka ikatoweka upande wa Mwanza. "Ni dume," akasema. "Lakini ana ugonjwa wa mapafu."

Dada yake Makoye aliitwa Mbuke, na mumewe Mbuke alikuwa Mihayo, mkulima wa pamba mwenye zizi lililojaa. Binti yao Limi ndiye aliyeleta mambo yote haya. Alikuwa akiuza karanga karibu na stesheni ya Shinyanga, na siku moja akaja kijana mrefu kuchukua vipuri vilivyoshushwa na treni. Kijana akanunua karanga, akala, akanunua tena, akarudi mara ya tatu akiwa bado anatafuna zile za mwanzo.

"Wewe unanunua karanga au unanunua nafasi ya kusimama?" Limi akamwuliza.

"Nafasi unaiuza bei gani?" kijana akajibu.

Huyo ndiye Donatus, Mzinza, fundi wa injini katika mgodi wa dhahabu huko Geita. Wazazi wake walikuwa wamekufa, na hata walipokuwa hai walivua samaki na kulima mihogo. Ng'ombe waliwaona kwa jirani. Mali yake ilikuwa sanduku la spana, baiskeli, na gari.

Gari lenyewe alilipata kwa mhandisi mmoja wa Kizungu aliyerudi kwao akakosa mtu wa kumwachia. Lilikuwa gari la mbio: jekundu, viti viwili, halina paa, na pua yake ndefu kuliko sehemu iliyobaki. Ila zake zilikuwa nyingi, lakini moja ndiyo iliyokuwa ila hasa. Gari lile halikurudi nyuma. Mhandisi alinasa kwenye tope, akalazimisha kurudi, na meno ya gia ya kurudi nyuma yakasagika yote. Vipuri vyake havikupatikana Mwanza wala Nairobi. Donatus alijifunza kuishi hivyo. Hakuegesha mbele ya ukuta. Hakuingia mahali pasipo na njia ya kutokea. Akipitiliza nyumba ya rafiki yake, alizunguka kilima kizima ndipo arudi. Watu wa Geita walidhani ni maringo.

Alipokwenda Didia kuposa, alimchukua mshenga wake Pantaleo, fundi mwenzake, mtu mwema ambaye ulimi wake haukupumzika hata mdomo ulipojaa ugali. Walifika na gari, vumbi likiwafuata. Mihayo akatoka nje kulipokea vumbi kabla ya wageni. Mihayo alikuwa akienda mnadani Shinyanga amekaa juu ya magunia ya pamba, ndani ya lori la Mhindi, na kila mara alishuka ndevu zimejaa pamba kama mzimu. Alilizunguka gari lile jekundu. Akaligusa taa. Wakati wa kula macho yake hayakutoka kwenye gari. Mwishowe akanawa mikono, akamwuliza Pantaleo polepole, "Hicho kitu, kijana anakiuza?"

Wazee wa ukoo walipoitwa walikataa. Gari halizai, walisema, wala halikamuliwi, na msichana hatolewi kwa kitu kisichozaa. Mihayo akawatazama kwa huzuni ya mtu aliyekwisha kujiona Shinyanga amekaa peke yake mbele. Ndipo Makoye akakohoa.

"Nani kasema gari liwe mahari?" akauliza. "Shemeji alinunue kwa ng'ombe, kama anavyonunua kitu kingine. Ng'ombe wakishakuwa wa Donatus, Donatus awatoe mahari. Watatoka mlangoni, watazunguka nyumba, watarudi walikotoka."

"Sasa kitu gani kitakuwa kimebadilika?" akauliza mzee mmoja.

"Mwenyewe."

Wazee walilifikiri jambo hilo kwa muda, wakaliona halina tundu. Wakaweka sharti moja tu: kitu kinachonunuliwa kwa ng'ombe wa mahari kikaguliwe kama ng'ombe wa mahari, na kiingie zizini kama ng'ombe. Ng'ombe kumi na wawili kwa gari zima. Kila ila itakayoonekana ipunguze mmoja. Likionekana bovu kabisa, hakuna kununua.

"Kaka," akasema Mbuke, "gari unalijua?"

Makoye alikuwa hajawahi hata kugusa gari. "Kitu kinachokunywa," akasema, "kinachotoa pumzi, na kinachouzwa na mtu anayetabasamu, nakijua."

Donatus aliacha kutabasamu tangu saa hiyo. Alijua vizuri kilichokuwa mbele yake. Huko Ushetu kulikuwa na mjane wa kiume, mkulima wa tumbaku, ambaye naye alimtaka Limi. Ng'ombe wake Makoye alikwisha kuwatazama na hakuona ila. Ila ilikuwa kwa mwenyewe, lakini Makoye hakupewa kumkagua mtu huyo. Gari likikataliwa, Limi angekwenda Ushetu kabla ya mvua.

Asubuhi ya ukaguzi Limi alimkuta Donatus nyuma ya ghala akifuta spana zilizokuwa safi.

"Mwangaluka, fundi. Umelala?"

"Sikulala. Limi, nimwambie mjomba wako habari ya kurudi nyuma."

"Amekuuliza?"

"Bado."

"Basi unataka kumnyang'anya kazi yake?" Limi akaketi juu ya kinu kilicholazwa. "Ukimwambia, atasema gari ni bovu, kwa sababu ila utakuwa umeiona wewe na siyo yeye. Akiona mwenyewe, huenda akalisamehe. Asipoona, limepita. Akikuuliza, sema kweli. Hiyo ndiyo sheria, na sheria siyo mimi niliyeitunga."

"Na akiuliza?"

"Akiuliza," Limi akasema, akainuka na kujipangusa, "nitajifunza kupanga majani ya tumbaku."

Watu walikusanyika mbele ya boma la Mihayo. Makoye alifika na koti lake, akasalimiwa na vijana "shikamoo" kutoka kila upande, akaitikia "marahaba" moja iliyowatosha wote. Kwanza hakulitazama gari. Alimtazama Donatus, uso, mikono, kisha miguu, mpaka Donatus akahisi yeye ndiye mwenye kovu. Halafu akalizunguka gari mara moja, taratibu, kwa upande ule ambao watu huwazungukia ng'ombe, yaani mbali na miguu ya nyuma.

Akalowesha kidole mate, akasugua madigadi ya kushoto. Akasugua tena kwa pindo la koti. Akakwaruza kwa ukucha. Chini ya rangi nyekundu kukatokea rangi ya kijani.

"Huyu alikuwa wa kijani," akasema.

"Ndiyo, mjomba," akasema Donatus. "Alipakwa."

"Kwa nini alipakwa hapa zaidi?"

"Aligonga kichuguu, mjomba. Njia ya Kahama."

"Nani alikuwa na kosa?"

"Kichuguu kilikuwa mahali pake," Donatus akajibu, na watu wakacheka. Makoye hakucheka. Aliinua kidole kimoja, na mzee wa kuhesabu, aliyeshika vijiti kumi na viwili vya hesabu ya ng'ombe, akaweka kimoja kando.

Kisha akalala chali, koti na yote, akajiingiza chini ya gari mpaka ikabaki miguu tu. Miguu ilicheza kidogo. Alipotoka, kwenye paji lake la uso palikuwa na tone jeusi.

"Anaharisha."

"Ni oili, mjomba. Ni kidogo tu."

"Ng'ombe akitokwa na kitu huku nyuma, hatumwulizi jina la kitu hicho." Kidole cha pili kikapanda.

Alitaka kuona meno. Ng'ombe hujulikana umri kwa meno, alisema, na kitu chochote kisichotaka kuonyesha meno kinaficha uzee. Donatus alihisi shati limemganda mgongoni, kwa kuwa meno ndiyo yaliyokuwa yamesagika huko ndani. Pantaleo, aliyekuwa kando akitafuna michembe ya viazi vikavu, akafungua mdomo. "Meno ya hili gari, mzee," akaanza, "ukiuliza habari ya meno—" Limi akamkanyaga mguu. Pantaleo akameza michembe yote pamoja na maneno.

"Ni haya ya mbele, mjomba," akasema Limi haraka, akionyesha vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kwenye pua ya gari. Hakuulizwa yeye, na yeye hakuwa mtoa mahari. Sheria ilimfunga Donatus peke yake.

Makoye akayapapasa meno hayo moja moja. Yote yalikuwepo, imara, hayakulegea. Akatikisa kichwa kwa heshima. "Kwa meno, huyu ni kijana."

Kikafuata kinywaji. Ndoo ya maji ikaletwa, na Donatus akafungua kifuniko cha rejeta. Makoye akainama kunusa. Akanusa tena, akakunja uso, akamwita dada yake aje anuse. Mbuke akanusa, akatazama jikoni kwake, akatazama tena gari.

"Hili gari limekula mayai," akasema Makoye.

Watu wakasogea. Donatus alimtazama Pantaleo, na Pantaleo akatazama mawingu ambayo hayakuwepo. Ukweli ni kwamba rejeta ilitoboka walipopita Nyang'hwale, na walipofika Didia Pantaleo akatumia dawa ya mafundi wa porini: alivunja mayai matatu ndani yake, maji yakachemka, mayai yakaganda kwenye tundu na kuziba. Mayai yenyewe aliyaomba kwa Mbuke jana yake, akisema ni ya kifungua kinywa.

"Ya kifungua kinywa," akasema Mbuke. "Sikuuliza cha nani."

Kidole cha tatu kikapanda. Cha nne kilipanda Makoye alipotaka kujua kama gari linapiga teke. Alisimama nyuma yake, akaamuru liamshwe. Injini ikakohoa, ikanyamaza, kisha bomba la moshi likatoa mlio kama wa gobore. Kuku wakaruka uzio. Makoye aliruka pia, ingawa baadaye alisema alikuwa ameamua kuruka kabla ya mlio. Koti lake lilikuwa na alama nyeusi ya duara mahali ambapo hapastahili kutajwa.

"Anapiga," akasema. "Na ananuia."

Wakati huo Mbuke alikuwa anavitazama vile vijiti vilivyowekwa kando. Alivitazama kwa muda, midomo yake ikienda bila sauti, kisha akamvuta mumewe pembeni, na Mihayo akaanza kujikuna shingo. Akamfuata Makoye.

"Shemeji," akanong'ona, "usitafute sana."

"Nifanye kazi nusu?"

"Sikiliza. Kila ila unayoiona, namlipa kijana ng'ombe mmoja pungufu. Sivyo?"

"Ndivyo. Nakuokolea mali."

"Na ng'ombe ninaowalipa ndio hao hao watakaorudi kuwa mahari ya Limi."

Makoye akasimama. Mbuke akamalizia kwa sauti ya dada, ambayo haihitaji kunong'ona. "Kaka, tangu asubuhi umemshusha mpwa wako thamani kwa ng'ombe wanne. Ukifika kwenye magurudumu, tutamtoa kwa kuku."

Hapo ukaguzi ukabadilika hewa. Makoye hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati, lakini jicho lake likawa na huruma ambayo halikuwa nayo tangu lifumbuliwe. Matairi yaliyokwisha manyoya aliyaita "mepesi". Kiti kilichopasuka kikawa "kimezoea watu". Alimwamuru Donatus aende lamboni na kurudi ili aone mwendo wake, na Donatus akaondoka kwa kasi, akalizunguka lambo lote, akakata mduara mkubwa katika mashamba yaliyokwisha vunwa, akarudi na kusimama pua ikielekea barabarani, kama kawaida yake.

"Mnaona," Makoye akawaambia watu. "Ng'ombe mwenye adabu hageuki ghafla. Anazunguka kwa heshima. Nimemaliza. Limepita, kwa ng'ombe wanane."

Limi alishusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu alfajiri. Donatus alikaribia kucheka. Kumbe walikuwa wamesahau nusu ya pili ya sharti.

"Sasa," akasema Makoye, "liingie zizini."

"Mjomba, labda likae tu hapa nje," akasema Donatus. "Lionekane."

"Kitu kilichonunuliwa kwa ng'ombe lazima kikanyage samadi ya zizi walimotoka ng'ombe hao. Ndipo kinakuwa cha mwenye zizi. Watoeni wale wanane, yeye aingie, kisha wao wazunguke nyumba warudi kama mahari. Ni jambo la muda mfupi."

Zizi la Mihayo lilikuwa refu na jembamba, limezungushiwa uzio wa minyaa iliyopandwa na babu yake, na lilikuwa na mlango mmoja. Ng'ombe wanane wakatolewa. Donatus akamtazama Limi. Limi akatazama chini. Hakukuwa na namna. Akaingiza gia ya kwanza, akapita mlangoni polepole kama mtu anayeingia kanisani amechelewa, akaenda mpaka mwisho, pua ya gari ikagusa minyaa. Akazima injini. Wanawake wakapiga vigelegele.

Ng'ombe wakazungushwa nyumba. Walizunguka bila shaka yoyote, wakafika mlangoni, wakaona ndani ya nyumba yao kuna kitu chekundu kinachonuka mayai, wakasimama. Wakapigwa fimbo. Wakaingia nusu, wakajazana, yule wa mbele akapiga kwato bamba la nyuma la gari, na wote wakatoka tena kwa kishindo.

"Litoe kwanza," akasema Mihayo. "Rudi nyuma, wapite."

Donatus hakusogea.

"Kijana, rudi nyuma."

Donatus akashika usukani kwa mikono miwili. Sasa ilikuwa sawa na kuulizwa, ingawa si na mkaguzi. Akakumbuka sheria, akakumbuka pia mama yake aliyemlea. "Baba," akasema, "halirudi nyuma. Tangu nililipata. Gia yake ya kurudi imesagika."

Watu wote wakageuka, taratibu, kama mtama unavyogeuka na upepo, wakamtazama Makoye.

Gari lilikwisha kuvuka mlango, lakini mahari yenyewe ilikuwa bado nje na haijapokelewa, kwa hiyo posa iliweza kuvunjwa. Makoye angesema neno moja tu, kwamba ametapeliwa, na hakuna ambaye angemlaumu Mihayo kwa kuvunja posa. Mzee wa kuhesabu alikuwa amekwisha shika vijiti vyake kuvitupa. Lakini ili Makoye aseme ametapeliwa, ilimbidi kwanza aseme hakuona. Aliingiza mkono mfukoni akatafuta ugoro, akanusa, akasubiri chafya. Chafya ikakataa kuja.

"Nililiona jambo hilo," akasema.

"Uliliona?" akauliza Mihayo.

"Tangu asubuhi. Gari lilipofika tu."

"Na hukusema."

"Kwani hiyo ni ila?" Sauti yake ilianza kupata nguvu kadiri alivyoisikia. "Nimekagua ng'ombe tangu hujaoa. Ni lini uliniambia, 'Makoye, kamwangalie yule kama anarudi nyuma'? Ng'ombe anayerudi nyuma ni ng'ombe mwoga, au ameona nyoka. Kitu kinachokwenda mbele tu ndicho cha mwanamume. Ningekuwa nimeona ila, ningesema kabla halijavuka mlango. Mnanijua."

Walimjua. Kila mtu pale alimjua vizuri kabisa, na kila mtu pale alikuwa na ng'ombe zizini kwake waliopitishwa na jicho hilo. Kama jicho lilikuwa limekosea leo, wangelazimika kwenda nyumbani kuwatazama upya wake zao, watoto wao na mifugo yao. Mzee wa kuhesabu akavirudisha vijiti vyake mkononi.

"Basi aliliona," akasema Mbuke, akimtazama kaka yake kwa jicho la mtu aliyemjua tangu akiwa hana nguo. "Sasa tunalitoaje, maana mahari yangu imesimama juani?"

Vijana wakajaribu kulisukuma kinyumenyume. Samadi ikawa telezi; wakaanguka mmoja baada ya mwingine, na gari halikutoka hata hatua. Mihayo aliwatazama, na uso wake ukabadilika. Alikuwa mwenye gari kwa muda wa kutosha kuchemsha maji ya uji, na tayari watu walikuwa wanaliegemezea makalio.

"Acheni," akasema. "Mali yangu haitatoka kinyumenyume mbele ya wakwe kama punda aliyekataa mzigo. Mjomba wa mtoto amesema ni ya kwenda mbele. Itakwenda mbele. Leteni mapanga."

Uzio ule wa babu ukakatwa upande wa pili. Utomvu wa minyaa ukawaingia wakataji machoni, wakalia machozi, na wapita njia wakadhani kuna msiba. Tundu lilipotosha, Mihayo akapanda kiti cha kushoto, kofia mkononi. Donatus akaamsha injini, bomba likapiga mlio wake, na gari likatoka kwa mlango mpya. Kwa mlango wa zamani, kwa kuogopa mlio ule, au kwa kuona nyumba yao imeachwa wazi, ng'ombe wanane wakaingia mbio. Makoye alikuwa amesimama katikati. "Mahari imepokelewa," akatangaza, na safari hii chafya ikaja yenyewe.

Limi na Donatus walifunga ndoa kabla ya mvua. Jioni moja Donatus alimpelekea mjomba chungu cha maziwa mgando, akaketi, akashindwa kuvumilia.

"Mjomba, kweli uliliona?"

Makoye akalamba midomo. "Wewe uliniambia lipo?"

"Sikukuambia."

"Basi na mimi sikukuambia sikuliona. Wabeja kwa maziwa."

Mihayo alilipanda gari lile miaka mingi, mkwe wake au fundi mwingine akiendesha. Shinyanga mnadani alisimama mahali pa wazi kuliko wote. Ndugu waliotaka awatembelee walilazimika kwanza kukata mlango wa pili katika boma, na wengi walikata, maana mgeni aliyefika kwa gari alikuwa mgeni hasa. Ndiyo sababu maboma ya upande ule yakawa na milango miwili, na watu wa mbali wakadhani ni kwa ajili ya kukimbia wezi.

Makoye naye hakusema tena habari za gari. Lakini tangu msimu uliofuata, kila alipomaliza kutazama ng'ombe wa mahari, macho, kwato, chuchu na meno, alimshika pembe kwa mikono miwili, akajikaza, akamsukuma hatua chache kinyumenyume. Ng'ombe walishangaa sana. Wenye ng'ombe walishangaa pia, lakini hakuna aliyemwuliza, na vijana waliojifunza ukaguzi kwake wakafanya vivyo hivyo, kwa makini, bila kujua wanatafuta nini.